Susu Ameniletea Mtu wa Turbo

Kawangware,
Januari 11, 2025

Susu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, na blanketi ulilonipa nalipigania kila usiku na baridi ya Kawangware. Ndugu yangu Collins amepiga simu kutoka Machakos. Anasema mahindi yamemwangusha lakini mbaazi zimesimama imara, na kwamba nyanya yake, yaani wewe Susu, akumbuke kumwombea mvua.

Haya, nimetii. Umesema nisikupigie simu tena, kwa sababu Mwalimu Seline wa darasa la ngumbaro amewaambia wanafunzi wake wazee kwamba kila mmoja atafute mtu wa kuandikiana naye barua hadi Pasaka, na kwamba anayepiga simu ni kama ameiba mtihani. Susu, kutoka hapa hadi kwako Mashimoni mtu huenda kwa miguu na kurudi na bado akakuta chakula kina moto! Lakini wewe ndiye uliyenilea, na ukishasema umesema. Lazarus wa mkokoteni, anayenunua vyuma chakavu huko Kibera na kuviuza huku, amekubali kuwa posta yetu. Anaapa hatasoma. Tutaona.

Sasa jambo lenyewe. Uliniuliza kazi yangu ni ya nini hasa, nikakujibu kijuujuu kwa sababu wateja wako wa maji walikuwa wamepanga mitungi mpaka mlangoni. Ni hivi. Gari lenye turbo lina kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho husukuma hewa nyingi ndani ya injini ili ipate nguvu. Lakini hewa ikisukumwa hivyo hupata joto, jinsi pampu ya baiskeli inavyochoma vidole ukijaza gurudumu. Hewa ya moto haina nguvu, kwa hiyo lazima ipozwe kabla haijaingia. Kifaa cha kuipoza tunakiita intakula. Magari mengi huipoza kwa upepo. Mimi nataka kuipoza kwa maji: hewa inapita ndani ya sanduku la alumini, na humo humo kuna vijia vya maji baridi. Wewe ukitaka uji upoe upesi hupulizi mpaka mashavu yakuume, unaweka sufuria kwenye beseni la maji. Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote, Susu. Beseni la uji, ila limechomelewa.

Mzee Kavoi mwenye karakana amenifundisha kuchomelea alumini na sina la kumlaumu. Ila kila ninachotengeneza kinatoka na jina lake. Sasa kibanda cha pembeni kimebaki wazi, na tunakitaka watu wawili: mimi, na Alvin anayeshona viti vya magari. Juzi Kavoi alituita akaniambia mbele ya Alvin: "Nzilani, leta kastoma wako, si wangu. Mfanyie intakula ya maji wewe mwenyewe. Ikipanda mlima na mzigo bila kusimama, kibanda ni yako. Pasaka ikifika kama haijapanda, nampea Alvin, na wewe utaendelea kunishikia tochi."

Susu, nakitaka kibanda kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikipita hapo mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyeona nyama. Ukimsikia mtu hapo kioski analalamika kwamba turbo yake inamsumbua, mshike shati usimwachilie.

Mjukuu wako,
Nzilani


Mashimoni, Kibera
Januari 26, 2025

Kwa mjukuu wangu Nzilani,

Pokea salamu. Mimi ni msima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Msee wa kanisa anakusalimu sana. Maji yalipotea siku tatu yakarudi na rangi ya chai. Mwalimu Seline anasema naandika visuri lakini nakandamisa kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Nimesoma habari ya kasi yako. Nimeelewa yote, hasa uji. Sasa sikilisa. Nimekupatia mtu! Ulisema unatafuta mtu wako mwenyewe, basi huyu hapa. Anaitwa Tonny. Ni Mjaluo, ana heshima na viatu visafi. Hupita hapa kioski kila Alhamisi, nami nimemtasama kwa makini. Shida yake ni moja. Akipanda mlima anapata joto jingi, anaishiwa na nguvu, wengine wote wanampita. Ameteseka mwaka msima. Nikamwambia mjukuu wangu anawesa. Alifurahi karibu anibebe. Anataka kuposa kabla ya Pasaka.

Nimemwambia aje kwako Jumamosi. Mpokee visuri. Usimfanyie ile sura yako.

Ningeelesa saidi lakini mwalimu hutupa ukurasa mmoja mmoja, na huu umekwisha.

Susu wako,
Ndululu


Kawangware,
Februari 3, 2025

Susu,

Salamu, ingawa za leo zina pilipili. Mimi sijambo. Maji ya bomba la ploti yetu yamerudi, na mwenye nyumba amepaka geti rangi ya kijani ambayo hata mbuzi hawezi kuipenda.

Kwanza nikupongeze. Ukurasa mzima, peke yako! Kweli, kila palipotakiwa z umeweka s. Ukaniambia wewe ni "msima", na kazi yangu ukaigeuza "kasi", na yule mzee wa kanisa ukamwita "msee" kama vijana wa mtaa wa Olympic wanavyoitana. Nilicheka mpaka Kavoi akazima grinda kuuliza kuna nini. Lakini kuna neno moja uliliandika sawasawa, bila kosa hata la nukta, nalo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima. Kuposa! Susu! Nilikuomba mteja, umeniletea mchumba!

Sasa nikueleze ya Jumamosi, ili usiambiwe na Lazarus. Alikuja. Alikuja kuposa na lori la samaki, Susu. Paka wote wa Kawangware walikuwa nyuma yake kwa maandamano. Akashuka, akafuta viatu, hilo la viatu ulisema kweli, akaja hadi niliposimama.

"Niaje. Wewe ndio Nzilani? Nimetumwa na susu yako."

"Najua umekuja kufanya nini," nikamwambia, "na jibu ni zii, hapana kabisa."

"Zii aje? Na hata hujaangalia?"

"Sina haja ya kuangalia."

"Cheki tu kidogo. Nimezunguka Nairobi yote, kila mtu ananikataa."

"Basi ongeza mimi kwa hiyo listi."

Akakuna kichwa. "Kwani shida ni ukubwa? Kama ni kubwa sana naeza ngoja."

"Shida ni kwamba mimi bado miaka haijanipita. Nina mambo yangu nasaka. Na mtu akitaka kitu kama hii anakuja na wazee, haji na omena."

"Si omena. Ni ngege, samaki wakubwa," akasema, kwa uchungu kabisa, kana kwamba hapo ndipo nilipomkosea. "Na wazee ni wa nini? Unataka wazee wakuje waangalie pia?"

Hapo Kavoi akawasha grinda na sikusikia tena vizuri. Alisema kitu kuhusu mafundi, halafu akasema basi ataipeleka Industrial Area. Atapeleka nini Industrial Area, sijui. Akapanda lori lake akaondoka, na paka wakamfuata. Alvin alikuwa ameweka sindano chini anafuta machozi ya kicheko.

Susu, nakupenda. Lakini Pasaka inakuja na bado sina mteja hata mmoja. Nitafutie turbo, si bwana.

Nzilani


Mashimoni, Kibera
Februari 10, 2025

Nzilani mjukuu wangu,

Salamu. Mimi ni mzima. MZIMA. Umeona? Collins amenitumia mbaazi gunia nusu, njoo uchukue zako.

Barua yako niliisoma darasani kwa sauti kwa sababu Mwalimu Seline alitaka mfano. Nilipofika kwa paka wote wakacheka. Nilipofika kwa mchumba mwalimu akaninyang'anya karatasi, akasoma, akatoa barua yangu ya kwanza ambayo alikuwa ameinakili, akaitazama, akakaa chini juu ya ndoo. Alicheka mpaka nikaogopa nitamwua.

Nzilani, nilitaka kusema KUPOZA. Lori ndilo linalopata joto! Lori ndilo linaloishiwa na nguvu! Ni lori lina turbo, hubeba samaki kutoka Kisumu, na likifika milimani linalala kama punda aliyegoma, barafu inayeyuka, samaki wanafika wamechoka. Wewe mteja wako umemfukuza kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwalimu alitusimamisha wote akasema z ni sauti ya nyuki, tuweke kidole kooni tusikie inatetemeka. Darasa zima la wazee tukawa tunalia zzzz, mpaka jirani akaja kuuliza kama kanisa limeanza kufuga nyuki. Jina lako silikosei kwa sababu hapo z imeshikwa mkono na n, hiyo sisi Wakamba tunaijua tangu tumboni. Ikiachwa peke yake ndiyo inanikimbia. Sasa naiweka kila mahali nisije nikaikosa tena. Lori la zamaki. Hapo sina hakika, mwalimu atachagua.

Alhamisi Tonny alikuja kioski ameinama. Akaniuliza, "Susu, kwani nilimkosea nini yule fundi?" Nikamweleza. Kwanza akakauka. Halafu akapiga kelele, akaruka, akamwaga mtungi wangu. Halafu akasema hawezi kurudi huko bila kumwambia mke wake. Ana mke, anaitwa Hope, watoto watatu. Nimemwomba kwa magoti haya haya mabovu asiende Industrial Area. Atarudi kwako. Ukimfukuza tena mimi si susu yako.

Ndululu


Kawangware,
Machi 9, 2025

Susu wangu,

Salamu, na samahani kwa kuchelewa. Mikono yangu imejaa vipele vya cheche na kalamu inateleza. Mbaazi tumekula na Kavoi na Alvin, wamesema ahsante. Collins anasema mvua imenyesha, kwa hiyo maombi yako yana mtandao mzuri.

Tonny alirudi! Alikuja na Hope. Nilikuwa nimeinama chini ya gari nikaona viatu viwili vya mwanaume vinang'aa, na kando yake viatu vya mwanamke vimekaa kwa vita. Nikatoka pole pole. Hope akaniangalia juu mpaka chini, mimi nimejaa grisi, miwani ya kuchomelea kichwani, akasema, "Ndiye huyu mke mwenza?" Nikakosa pa kuficha uso. Halafu akaangua kicheko akanikumbatia na grisi yote. Sasa kila akipita hapa ananiita mke mwenza, na watu wa karakana wamejifunza.

Na kazi, Susu! Kazi inanipandisha wazimu. Lori hilo lina intakula ya upepo iliyolala juu ya injini. Yaani hewa inapelekwa kupozwa jikoni! Likiwa na mzigo mlimani haliendi kasi, upepo haupo, na kila kitu kinaiva. Nikang'oa yote. Kwa Lazarus nikapata moyo wa intakula ya zamani, ule wa vijia, nikauosha, nikaukatia sanduku la alumini, nikachomelea mimi mwenyewe kila upande. Kavoi alisimama mbali amekunja mikono. Nilipomaliza nikaziba matundu, nikalizamisha kwenye pipa la maji na kulijaza upepo tuone kama litatoa mapovu. Halikutoa hata povu moja. Nilicheza, Susu. Nilicheza peke yangu kuzunguka pipa, na Alvin akanipigia makofi ingawa kibanda anakitaka pia.

Maji yanazungushwa na pampu ndogo ya umeme. Yanachukua joto kwenye sanduku, yanakwenda mbele kwenye rejeta ndogo ya kuyapoza, yanarudi. Halafu nikapata wazo lingine. Tonny hubeba barafu ya samaki, na maji yake inapoyeyuka humwagika tu barabarani yakiwa baridi kabisa. Kwa nini tusiyatumie?

Jaribio la kwanza lilikuwa jana, hapa Riruta. Tuseme lilikuwa jaribio. Hakuna aliyeumia. Usimuulize Tonny.

Nzilani


Mashimoni,
Machi 16, 2025

Nzilani,

Salamu. Mimi ni mzima na magoti yametulia. Nimepata alama nane kwa kumi katika imla, nimemshinda mzee wa kanisa.

Nimemuuliza Tonny.

Amesema mliyavuta maji ya samaki jinsi yalivyo mkayapitisha ndani ya intakula. Amesema magamba yalijaa kwenye pampu, bomba likachomoka mkipanda Riruta, na maji yakawaogesha wanakwaya waliokuwa wamesimama kando ya barabara na sare zao nyeupe. Amesema uliwaomba msamaha mmoja mmoja na wao walikuwa wamefunga pua. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa niambie ukweli. Umekata tamaa?

Susu


Kawangware,
Machi 30, 2025

Susu mpenzi,

Salamu, na hongera kwa imla. Mwambie mzee wa kanisa pole.

Nilikata tamaa kwa siku moja. Nilikaa chini nikawaza nitamshikia Kavoi tochi mpaka nipate mvi. Halafu nikasimama, kwa sababu kukaa chini pia kunachosha.

Kosa langu lilikuwa kuyachanganya maji. Sasa maji safi yanazunguka peke yake ndani ya mabomba yaliyofungwa. Chini ya sanduku la samaki nimeweka tangi la kukinga yale maji ya barafu, na ndani ya tangi bomba la shaba limejiviringa mara nyingi. Maji safi yanapita ndani ya bomba, maji ya samaki yamelizunguka kwa nje, baridi inavuka, uchafu hauvuki. Ni nthoni, Susu. Ni mkwe na mama mkwe wa Kikamba: wanasaidiana vizuri lakini hawagusani kamwe! Nilimweleza Kavoi hivyo na kwa mara ya kwanza niliona meno yake. Pia nimeweka taa ndogo ya kijani mbele ya dereva. Ikiwaka, pampu inafanya kazi.

Tonny anaondoka wikendi ijayo kwenda Kisumu. Atarudi na mzigo kamili. Mlima wa Kericho, halafu ule wa kutoka Naivasha, na huo ndio mtihani wangu. Lakini Kavoi ameongeza sharti. Anasema, "Tonny asikuje kuniambia. Huyo anapenda watu, atasifu hata kama imelipuka. Nataka mtu mwingine apande hiyo gari, mtu wa kusema ile kitu ameona." Mimi siwezi kwenda, maana naye Kavoi ana kazi ya watu na hataniruhusu. Susu, hapo kwenu hakuna mtu mkweli ambaye anaweza kukaa kwenye lori siku mbili? Hata mzee wa kanisa. Ajue tu kutazama taa ya kijani na kugusa bomba.

Nijibu upesi. Nimeacha hata kula vizuri.

Nzilani


Kawangware,
Aprili 7, 2025

Susu,

Salamu tu. Lazarus amerudi na ile barua niliyokuandikia juzi kukuuliza mbona hunijibu. Anasema kioski kimefungwa, na jirani anasema umesafiri. Umesafiri kwenda wapi? Wewe ambaye hukubali hata kuja Kawangware kwa sababu ya magoti? Nimepiga simu, nisamehe, najua ni kuiba mtihani. Imezimwa. Mwalimu Seline naye anacheka tu, hasemi. Tonny ameondoka na sijui kama alipata mtu wa kukaa naye. Pasaka imebaki kama wiki mbili. Kama unaumwa na umekatazwa kuniambia, nitakuja nivunje hicho kioski.

Nzilani


Soko Mjinga, juu ya mlima
Aprili 8, 2025

Mjukuu wangu Nzilani,

Salamu kutoka kwenye baridi kali. Mimi ni mzima. Mbele yangu kuna kabichi nyingi kuliko watu. Nimeketi juu ya gunia, Tonny amenipa kalamu, na leo sina mwalimu, kwa hiyo nitajaza kurasa mbili.

Ulitaka mtu mkweli. Nikafikiri kila mtu ninayemjua, nikaona wote ni waongo kidogo. Mzee wa kanisa ndiye mbaya zaidi. Basi nikafunga kioski nikapanda mwenyewe. Nilizima simu kwa sababu ungesema magoti.

Nimeliona ziwa, Nzilani. Nina miaka sabini na bado sijui la kukueleza, ila nilivua viatu nikasimama humo na kucheka. Sisi tuliokulia Kitui samaki tulimwona ni nyoka aliyevaa mapezi. Nimemla. Mzima, na kichwa. Mama mmoja sokoni alinishikia sahani akanifundisha kutoa miiba. Nikawaambia madereva wote pale juu ya intakula ya maji. Hawakuniamini. Nikawaambia ni beseni la uji, wakaamini.

Tulipakia jana. Mlima wa Kericho lori lilipanda likiimba. Malori mengine yalikuwa yamelala kando yametoa ulimi. Tonny alipiga honi kwa kila moja na mimi nilipunga mkono kama bibi harusi. Taa ya kijani iliwaka muda wote.

Sasa nageuza ukurasa, kwa sababu kuna la pili na sitalificha.

Tulipoanza kupanda kutoka Naivasha taa ilizimika. Nikamwambia Tonny taa imezimika. Lori likaanza kuchoka, pole pole, pole pole, mpaka mtu wa baiskeli mwenye viazi akatupita na kutusalimu. Tonny akasema, "Susu, wacha nisimame niangalie." Nikamwambia ukisimama kibanda ni cha Alvin. Akasema injini itaumia. Nikamwambia basi nenda kwa mwendo wa kinyonga lakini nenda. Nilikuwa nasali kwa Kikamba na yeye kwa Kijaluo. Halafu tukaingia kwenye shimo kubwa, kichwa changu kikagonga juu, na taa ikawaka! Nguvu zikarudi. Tukampita yule wa viazi tukimpigia makofi. Hatukusimama hata mara moja mpaka hapa juu.

Hapa Tonny alifungua, tukaona waya wa pampu umelegea. Uliufunga vibaya, Nzilani. Shimo ndilo lililourudisha. Halafu nikagusa mabomba ya hewa jinsi ulivyosema. Linaloingia kwenye sanduku lako limenichoma nikasema neno ambalo Mwalimu hajatufundisha. Linalotoka ni baridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Mkono wangu ulikaa hapo mpaka nilipotaka mwenyewe kuutoa.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Mpe Kavoi, kurasa zote mbili.

Susu wako,
Ndululu


Kawangware,
Aprili 13, 2025

Susu, Susu, Susu,

Salamu za Jumapili ya Matawi! Umefika salama, Tonny ameniambia. Collins nimemweleza kwamba umekwenda ziwani na anadhani nimelewa.

Nikuambie ukweli kama ulivyoniambia. Tonny aliponiletea barua yako niliisoma nyuma ya pipa, na nilipomaliza nilikunja ukurasa wa pili nikautia mfukoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu, ungetosha. Nilitembea mpaka alipokuwa Kavoi, na kila hatua ule wa pili ulikuwa unanikwaruza mguu. Nikampa zote mbili. Sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba ningekutana na macho yako siku moja.

Alisoma polepole, miwani ikiteleza puani. Halafu akamwita Alvin aje asikie, akaenda kwenye lori, akaingiza mkono, akautoa waya wa pampu. Ulikuwa bado umelegea. Akaniinulia mbele ya kila mtu.

"Nani alikufunza kufunga waya hivi?"

Nikamjibu, "Ni wewe."

Halafu Kavoi akacheka. Alicheka mpaka akaegemea lori la samaki, na Alvin akacheka, na Hope akapiga vigelegele kutoka kwenye kiti cha dereva akisema mke mwenza ameshinda. Kavoi alipopata pumzi akasema, "Kama huyo shosho yako angetaka kukufichia makosa, angeanza na huu waya." Akataka kuutoa ufunguo wa kibanda kwenye kamba yake. Ulimshinda kutoka, akaikata kamba kwa koleo.

Alvin amesema atanishonea kiti bure, ila nimpe kona moja ya kuweka sponji zake. Nimekubali. Na hao madereva wako wa Kisumu, wawili wamefika jana wanauliza, "Beseni la uji ni wapi?" Nimewaambia warudi kesho.

Waya nimeufunga upya, mara tatu. Baada ya kanisa nilikwenda karakana ingawa ni Jumapili. Nilifungua kufuli mwenyewe. Ndani hamna kitu, Susu, hamna hata msumari, ni vumbi na buibui mmoja mwenye hasira. Nilisimama katikati ya kibanda changu nikacheka kwa sauti peke yangu, mpaka watu wa njiani wakasimama kuangalia, na sikuwaeleza chochote.

Fundi wako,
Nzilani